Walikubali Kunisubiri

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu anayeogopa karatasi. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu najua wapo ndugu wengi, hasa sisi tuliopitia kambini, ambao leo wako pale nilipokuwa mimi.

Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Vita vya 1996 vilipotufikia nilikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku katika mtumbwi wa wavuvi uliojaa kupita kiasi. Kabla hatujapanda, baba alitoa kitambulisho chake mfukoni akakitupa majini. Njiani palikuwa na vizuizi, na kwenye vizuizi vile karatasi yenye jina na mahali pa kuzaliwa ilitosha kumtenga mtu na wenzake. Alituambia tukiulizwa majina, tutaje nusu. Baba alituokoa usiku ule, na namshukuru. Lakini lile agizo niliendelea kulitii hata mahali ambapo halikuhitajika tena.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, ndiko nilikokulia, nikaoa, nikapata watoto watatu. Huko nako maisha yalikwenda kwa karatasi. Bila kadi ya mgao huli. Bila kibali hutoki nje ya kambi, hata kufuata kibarua kijiji cha jirani. Nilijifunza kuingia ofisini nimeinamisha kichwa, kujibu kwa kifupi na kutoka haraka. Siku ya kuandikishwa sikujua tarehe yangu ya kuzaliwa, nikapewa 1 Januari kama walivyopewa wengi. Jina langu likaandikwa kwa herufi zisizo zake. Sikusema neno. Niliona kusema ni kujitafutia matatizo.

Mke wangu hakuwa hivyo. Kila karatasi iliyotufikia aliitunza: tangazo la kizazi la kila mtoto, kadi za kliniki, cheti chetu cha ndoa, hata vipande ambavyo mimi sikuona maana yake. Tulipopata nafasi ya kuhamia Marekani mwaka 2016, alivitia vyote katika ule mfuko mweupe wa plastiki wenye alama ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao wakimbizi wanaosafirishwa huubeba mkononi hadi mwisho wa safari. Nilimwambia aache kubeba takataka. Hakunijibu, akaendelea kupanga.

Tukapokewa Houston, Texas. Nikapata kazi ya usiku katika ghala. Mkimbizi akitimiza mwaka mmoja nchini hutakiwa kuomba kadi ya kijani. Tukaomba, tukapata, nami nikaona hapo ndipo mwisho. Watu wa kanisani walitukumbusha kwamba baada ya miaka 5 mtu anaweza kuomba uraia. Kwetu miaka hiyo ilitimia 2021. Mke wangu alitaka tujaze fomu mwaka uleule. Nilikataa. Nilisema watatuuliza mambo ya zamani, wataziona tarehe zetu si za kweli, watatunyang'anya hata hii kadi. Nilisema pia kwamba Kiingereza chetu hakitoshi. Ukweli ni kwamba chake kilitosha. Kisichotosha kilikuwa changu. Nilimfunga mwenzangu kwa udhaifu wangu, nikajiambia kwamba huko ndiko kuwa kichwa cha nyumba.

Ikafika Februari 2023. Binti yetu mkubwa alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi uliotangulia, naye alikuwa anakaribia kumaliza sekondari. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika hapo, nami nilitaka kumfanyia jambo atakalolikumbuka. Mwenzangu mmoja kazini akanieleza habari za meli za utalii zinazoondoka Galveston, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka kwetu, zinakwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, na kurudi. Kitanda, chakula na michezo ya watoto vimo ndani ya nauli. Usiku tulikaa na watoto tukichagua chumba. Walifurahi, nami nikafurahi kwa furaha yao. Nikachagua nauli ya chini kabisa, ile ambayo kianzio chake hakirudishwi, nikalipia watu wote 6.

Kisha ukaja ukurasa wa abiria. Jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria. Tarehe ya kuzaliwa. Uraia. Namba ya pasipoti na siku ya mwisho wake. Aliyejazika bila shida ni binti yetu wa mwisho peke yake, kwa sababu alizaliwa Houston na ni Mmarekani tangu siku hiyo. Sisi wengine tulikuwa na kadi za kijani, lakini hatukuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Nilipopiga simu, mhudumu alinieleza kwa upole kwamba kadi ya kijani peke yake haitoshi kupanda. Lazima iandamane na pasipoti halali. Nilibaki mezani nikiitazama ile skrini. Mtoto ambaye hajaanza shule alikuwa na haki ya kupanda meli ile, na sisi tuliomzaa hatukuwa nayo.

Ipo hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayodumu mwaka mmoja. Nilisema tuombe hiyo. Mke wangu akaniambia, bila kupandisha sauti, "Baba, kama ni kujaza fomu, tujaze ile ya uraia." Safari hii sikuwa na la kumjibu.

Alikwenda na ule mfuko kwa mama mmoja mzee wa kanisani, mstaafu, anayejitolea katika kituo cha msaada wa kisheria. Nami nikafuata. Yule mama alitandaza karatasi zetu mezani, akaziangalia moja moja kwa heshima kubwa. Akasema ni familia chache alizowahi kuzisaidia zilizokuja zimetunza hivi. Akafika kwenye tangazo la kizazi la binti yetu, akauliza umri wake. Tulipomjibu akanyamaza kidogo, kisha akatueleza sheria moja ya mwaka 2000. Mtoto mwenye kadi ya kijani, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi na mzazi wake, huwa raia palepale mzazi huyo anapoapa. Hafanyi mtihani, hahojiwi. Kama tungeomba 2021, binti yetu angekuwa raia kabla hajatimiza miaka 18. Sasa ilibidi aombe mwenyewe kama mtu mzima, kwa ada yake na usaili wake.

Nilitoka nje nikakaa garini. Nilikuwa nikiamini kwamba ninawalinda watoto wangu, kumbe niliyekuwa nimemlinda ni mimi mwenyewe. Jioni nilimwita binti yangu nikamweleza yote, na kwamba kosa ni langu, si la mama yake. Nilitarajia hasira, na angekuwa na haki nayo. Akanitazama, akasema, "Baba, maswali ni 100 tu. Tutajifunza pamoja."

Ndivyo tulivyofanya. Wakati ule mtihani ulikuwa na maswali 100 ya historia na serikali. Msaili alikuwa anakuuliza hadi 10, nawe ukipata 6 ulikuwa umefaulu. Zaidi ya hapo unasoma sentensi moja ya Kiingereza kwa sauti na kuandika nyingine inayosomwa na msaili. Maswali niliyashika. Kuandika ndiko kulikonishinda. Nilikuwa natoka kazini alfajiri, nakunywa chai, binti yangu ananisomea sentensi kabla ya kwenda shule. Kuna asubuhi nilizoiweka kalamu chini nikasema basi. Hakubishana nami. Kesho yake alikuwa mezani tena na daftari.

Mke wangu aliitwa kwanza, akafaulu, akaapa. Siku ileile wavulana wetu wawili wakawa raia, nao walikuwa darasani hawana habari. Binti yetu akaitwa, akafaulu. Mimi nikaitwa, nikaanguka. Maswali nilijibu, lakini iliposomwa sentensi ya kuandika mkono ulitetemeka, herufi zikanitoka kichwani. Nataka hata hivyo niseme jambo moja kuhusu usaili ule. Ile tarehe ya 1 Januari niliyoiogopa kwa miaka, ofisa aliniuliza tu kama ninaijua siku yangu halisi. Nikasema siijui. Akaandika, akaendelea na swali lingine.

Sheria humpa aliyeanguka nafasi ya pili, kati ya siku 60 na 90 baadaye. Kipindi hicho cha kungoja kilikuwa kigumu kwangu. Wote nyumbani sasa waliweza kupata pasipoti na kusafiri isipokuwa mimi, niliyewazuia. Kianzio cha kwanza kilikuwa kimepotea, lakini mke wangu alikuwa ameanza kuweka akiba upya. Niliwaambia waende, na nilimaanisha. Binti yangu akasema hawaendi bila baba. Wavulana wakasema hivyohivyo. Mke wangu hakusema kitu. Alifunga ule ukurasa wa meli akaniletea daftari. Neno nililomwambia Nyarugusu kuhusu mfuko wake, hajawahi kunirudishia hadi leo. Sikustahili kusubiriwa namna ile. Nilisubiriwa.

Mara ya pili niliandika sentensi yote, nikafaulu. Sheria inamruhusu mwombaji kurekebisha jina lake anapoapa mbele ya jaji. Nikaliandikisha langu kwa herufi zake, lote, kama baba alivyonipa. Lilipoitwa ukumbini nilisimama nikaitika. Namshukuru Mungu kwa siku ile, na baba yangu nilimkumbuka.

Pasipoti nazo zilikuwa na kazi yake. Kwa aliye chini ya miaka 16, wazazi wote wawili hutakiwa wafike pamoja naye, na pasipoti yake hudumu miaka 5, si 10 kama ya mtu mzima. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, kwa hiyo wavulana wangu hawana jina langu wala la mama yao, na ofisi ilitaka uthibitisho kwamba ni wetu. Uthibitisho ulikuwa mfukoni. Yale matangazo ya kizazi tulikuwa tumemtumia ndugu yetu aliyebaki Kigoma, akayapeleka kwa msajili wa wilaya, vikatoka vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa usajili wa Tanzania. Vyeti halisi hutumwa kwa posta pamoja na maombi, kisha hurudishwa. Kuviachia nusura kunirudishe kwenye hofu yangu ya zamani. Mke wangu akatoa nakala ya kila kimoja, akaiweka, akafunga bahasha. Vyote vilirudi.

Wapo waliotuambia kwamba pasipoti si lazima. Ni kweli sheria inamruhusu raia wa Marekani, kwa meli inayoondoka na kurudi bandari ileile, kusafiri na cheti cha kuzaliwa Marekani au cheti cha uraia, pamoja na kitambulisho chenye picha. Lakini mtu akiugua Cozumel au akiachwa na meli, atarudi kwa ndege, na kwenye ndege ataulizwa pasipoti. Sisi tuliotoka tulikotoka hatukutaka mmoja wetu abaki ng'ambo ya maji.

Safari hii tulipanga upya hati zikiwa mkononi, kila jina likinakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye pasipoti. Tulisoma masharti yote: kodi na ada za bandari juu ya nauli, bahashishi ya wahudumu ya kila siku kwa kila abiria, na siku ya mwisho ya kumaliza malipo, ambayo huwa miezi kadhaa kabla ya safari. Juni 2025 tulifika Galveston. Pasipoti zote zilikuwa mkononi mwa mke wangu, si kwenye mizigo, maana mizigo huchukuliwa mlangoni na huioni tena hadi baadaye. Kabla meli haijang'oa nanga kila abiria huonyeshwa kituo chake cha dharura na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Nilimtazama mke wangu wakati ule. Alivuka ziwa lilelile nililovuka mimi, mwaka uleule wa 1996, mtoto mdogo kuliko mimi, katika mtumbwi usio na hata jaketi moja. Alikuwa akimfungia binti yetu mdogo mikanda, anatabasamu.

Tuliporudi, ofisa wa forodha alipitisha pasipoti zetu 6, akatuambia karibuni nyumbani.

Ndugu unayesoma haya, kama una mfuko au bahasha uliyoifungia chini ya kitanda, ifungue wiki hii. Angalia kama jina la kila mtu linafanana kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kama umeishi na kadi ya kijani miaka inayotosha na una mtoto wa miaka 15, 16 au 17, usingoje Kiingereza chako kiwe kizuri, wala usingoje kama mimi. Nenda kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe. Kwenye vingi hulipi chochote, na mtu wa kipato kidogo anaweza kuuliza habari za kusamehewa ada. Na kama mwenzako ndiye anayetaka kujaza fomu, usimzuie. Mmoja wenu akiapa, anatosha kwa watoto wote wenye kadi ya kijani walio chini ya miaka 18 na wanaoishi naye. Mtoto akishatimiza 18, sheria hiyo haimhusu tena.