Mashine Yangu, Saa Yao

Ndugu msomaji, mwenzenu nimekosa kusikia wasifu wa babu yangu ukisomwa siku ya mazishi yake, na aliyenichelewesha ni kompyuta. Haikuibiwa wala haikuharibika. Ilikuwa nzima kabisa, mbele ya macho yangu, imechomekwa kwenye umeme, na bado haikunitii.

Babu alifariki nyumbani kwetu Ukenyenge, wilaya ya Kishapu. Mimi ndiye msomi wa ukoo, eti kwa sababu nachapa na kutoa kopi kwenye steshenari pale Mhunze na nina laptopu yangu mwenyewe. Ni ya mtumba, niliinunua Shinyanga mjini kwa akiba yangu pamoja na fedha kidogo za pamba ya baba. Basi baba mdogo akanikabidhi karatasi ya daftari, akasema, "Chapa vizuri huo wasifu, watu wanatoka mbali."

Usiku nikakaa na bibi jikoni. Karatasi ya baba mdogo ilikuwa na mambo ya kawaida: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto saba. Bibi akaanza kuongeza kwa Kisukuma, mimi nachapa kwa Kiswahili. Akasimulia babu alivyokuwa kibarua Mwadui katika ujana wake, kwenye mgodi wa almasi ulioanza baada ya Mkanada John Williamson kugundua almasi pale mwaka 1940. Akasimulia baiskeli aliyorudi nayo, na alivyouacha mgodi akashika pamba. Halafu akanyamaza kidogo. Akasema watoto hawakuwa saba, walikuwa wanane. Wa kwanza alifariki kabla hajaanza kutembea. Akamtaja jina. Mimi, mjukuu mtu mzima, nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Umwandike," akasema. "Kesho asomwe pamoja na wenzake."

Nikamwandika.

Shangazi aliyeko Geita alikuwa ametuma picha ya babu kwa simu. Nikaunganisha laptopu na intaneti ya simu yangu ili niivute. Bando la giga moja nililolinunua mchana likaisha hata sijamaliza kuipanga picha. Nikashangaa, picha moja inakulaje bando zima? Kumbe kulikuwa na mwingine anachota kwenye kisima changu! Nikafunika kompyuta nikalala. Sikusevu. Kosa hilo ni langu, silikatai.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Mhunze kuprinti. Mazishi saa sita, nina muda wa kutosha. Nikachomeka laptopu. Kioo kikawa cha buluu, maneno ya Kiingereza katikati: inasasishwa, usizime kompyuta. Asilimia 5. Nikangoja. Asilimia 20. Ikazima, ikawaka, ikaanza tena. Ndugu yangu, niliikodolea macho ile namba kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Niizime? Imenikataza. Nikiizima ikifa, je? Mfumo endeshi wake siutaji jina, maana tabia hii si ya mmoja.

Ilipofunguka, saa tano ilikuwa imeshapita. Faili nililolikuta lilikuwa la jana jioni, kabla bibi hajaanza kusema. Nikachapa upya haraka haraka nilichokumbuka, nikaprinti, nikamwambia kijana wa bodaboda akanyage. Nilipofika, watu walikuwa wanaelekea kaburini. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, kwa hiyo baba mdogo alisoma ile karatasi yake ya daftari. Watoto saba.

Jioni bibi aliniuliza swali moja tu: "Mbona hukumtaja?"

Ungemjibu nini bibi wa namna hiyo? Kwamba mashine ilikuwa inajisasisha?

Wiki ile niliapa kufunga masasisho yote, nisione apdeti maishani mwangu. Nikampelekea laptopu fundi mmoja wa Shinyanga mjini, mtu mzima, mpole. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mdogo wangu, pole. Lakini ukifunga yote utabaki uchi." Akanikumbusha kirusi cha WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kile kilisambaa duniani, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali zilivurugika, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Na dawa yake ilikuwapo! Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba tundu lile tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta zilizokuwa zimelipokea zilikingwa. Nami nikafikiria fleshi zinazochomekwa kwenye kompyuta ya steshenari kila siku, za walimu, za wanafunzi, za vikundi vya kwaya, nikanyamaza.

Kwa hiyo sisemi masasisho ni uadui. Hata mbegu hubadilishwa. Wakulima wa pamba wa kwetu waliiacha UK91 wakapanda UKM08. Lakini mbegu mpya huletwa msimu unapoanza. Hakuna bwana shamba anayeingia shambani kwako katikati ya palizi, akang'oa miche yako, akakuambia usubiri mpaka amalize.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na si wangu peke yangu. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mwenye toleo la nyumbani hakupewa batani rahisi ya kuahirisha masasisho. Watu wakalalamika miaka na miaka. Mwaka 2019 ndipo naye akaruhusiwa kuyasimamisha, mwisho siku 35. Angalia mambo hayo: umetoa fedha yako, halafu unasubiri miaka minne upate ruhusa ya kusema "ngoja kwanza". Aliyepanga hivyo pengine aliwaza mtu mwenye intaneti isiyokatika na umeme wa uhakika. Hakumuwaza mtu wa Ukenyenge anayenunua giga moja moja kama anavyonunua sukari ya kupima.

Na kuulizwa kwenyewe kuwe kwa lugha ambayo mtu anaielewa. Hilo linawezekana. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Mashine inaweza kusema "tafadhali" kwa lugha yetu.

Fundi alinionyesha mambo mawili ambayo yalikuwamo humohumo ndani siku zote, mimi siyajui. La kwanza, kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa. Ukiweka hivyo, masasisho mengi hayashuki yenyewe. La pili, kuna mahali pa kuitajia saa zako za kazi, isijiwashe upya ndani ya saa hizo. Siku hizi Jumapili mchana nakwenda steshenari, naunganisha intaneti, naiambia: haya, jisasishe. Nasevu kila aya. Jambo muhimu naliandika kwanza kwa kalamu.

Vijana wenzangu mnaoandika, sisi tunaweka ndani ya mashine hizi maneno ya watu ambao hawatayasema mara mbili. Mimi nilimwomba bibi anisimulie upya. Ya Mwadui alisimulia, baiskeli akaisahau. Nilipofika kwa yule mtoto wa kwanza, aliniangalia, akasema, "Andika jina tu, yatosha."

Nimeliandika katika daftari la ukoo, juu ya majina yale saba. Baba mdogo aliliona, akauliza ni nani huyo. Nikamwambia akamuulize mama yake.