Mgongo wa Mwenzetu

Sisi wauguzi tumewakosea wengi. Mwenzetu wa kikundi cha maombi aliumwa mgongo mwaka mzima. Eksirei haikuonyesha kitu, nasi tukamwambia alale tu. Wengine tukanong'ona kuwa anakwepa zamu ya kufagia kanisa.

Kumbe maumivu yakipita miezi 3 huweza kuendelea hata jeraha likiisha kupona, na kulala mno hudhoofisha misuli. Daktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mshauri wakapanga pamoja. Mumewe naye akaitwa. Alianza kwa kutembea dakika 5. Mshauri alimsaidia kuishinda hofu ya kuinama.

Maumivu hayajaisha. Lakini Jumamosi iliyopita alikuja kanisani na ufagio wake, nasi tukainamisha nyuso.