Behewa la kadibodi lilivyomfungua Babu kinywa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba utu uzima dawa. Lakini mimi, msomaji mpendwa, nilikuwa nimeisahau dawa hiyo ilhali imeketi sebuleni mwangu mchana kutwa, ikitazama ukuta.

Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya mabehewa ya reli hapa Nairobi hadi alipostaafu. Mama alipofariki, nilimtoa Makindu nikaja naye kwangu. Alikuwa amebadilika. Alikula kwa kuhimizwa, salamu aliitikia kwa kichwa, na mara nyingi aliniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Daktari alituambia kumbukumbu yake inadhoofika. Nasi, Mungu atusamehe, tukaanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo.

Likizo ya Agosti ilipofika, kitindamimba wangu aliye gredi ya tano akaanza kutengeneza gari moshi la kadibodi. Sikufurahi hata kidogo. Sebule ilijaa gundi na vipande vya maboksi, na vitabu vya hesabu havikufunguliwa. Asubuhi moja nikaapa kwamba nikirudi kazini, kila kitu kitaenda jalalani.

Jioni hiyo, kabla sijafungua mlango, nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

“Hili si behewa. Hili ni lori!”

Alikuwa Baba. Alikuwa amelipindua behewa la mjukuu wake juu chini. Kijana alikuwa ameweka magurudumu kwenye kingo, kama ya lori.

“Reli yetu ilikuwa na upana wa mita moja tu,” Baba akasema. “Behewa lenyewe ni pana zaidi ya mara mbili ya hiyo. Magurudumu hukaa ndani, chini ya tumbo.”

Wakakubaliana kwamba kila mita iwe sentimita moja. Njia yao basi ikawa na upana wa sentimita moja kamili. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria hadi Mombasa mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435, ingehitaji karibu sentimita moja na nusu.

“Mbona yenu ilikuwa nyembamba, Babu?”

“Njia nyembamba hukata kona kali, mjukuu wangu. Inaweza kuuzunguka mlima badala ya kuuchimba. Na gharama yake ni ndogo.”

Hiyo ndiyo njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1901.

Maboksi sikuyatupa tena. Mikono ya Baba ilitetemeka, kwa hiyo mjukuu alikata naye akaelekeza. Kuta zilikuwa za njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa. Magurudumu yalikuwa vifungo vya kola ya shati, na ekseli ni vijiti vya kuchokolea meno. Kijana alipotaka kutumia njiti kwa mataruma, Baba akatikisa kichwa.

“Mchwa watayamaliza hayo. Yetu yalikuwa ya chuma.”

Wakakata mkebe wa soda vipande vyembamba. Mlima waliujenga kwa magazeti yaliyoloweshwa katika uji wa unga wa ngano, nyasi zikawa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Kokoto za reli zilichekechwa kwa chujio la chai, jambo ambalo mke wangu hajalisahau. Na behewa lilipong'aa kwa rangi mpya, Baba akalipaka udongo mwekundu na vumbi la makaa. Behewa safi, alisema, ni behewa lisilofanya kazi.

Siku moja, gundi ikikauka, alimtaja Mama kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Alisema alipokuja mjini mara ya kwanza alisafiri daraja la tatu kutoka Makindu, amepakata kuku.

Tuliwapeleka kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi. Watu walikuwa wakiishangaa injini kubwa ya Garratt iitwayo Mount Gelai. Baba aliipita, akaenda hadi kwenye behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall kule Kima mwaka 1900. Sisi tulitazama madirisha. Yeye aliinama kukagua magurudumu.

Sitakudanganya kwamba amepona. Bado huniita kwa jina la ndugu yake, na kuna siku hasemi neno. Lakini mabehewa manne yako kwenye rafu, na kila jioni kijana humwekea moja mapajani. Baba hupitisha kidole chini ya tumbo lake, akahakikisha magurudumu yako mahali pake.

Ikiwa kwako yupo mzee aliyenyamaza, usichoke kumwuliza hali tu. Mpe mkononi kitu alichokifanyia kazi maisha yake yote, kisha uketi karibu naye usikilize.