Doti Elfu Arobaini

Niliingia kiwanda cha khanga katika miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha chuo cha fedha cha IFM mkononi na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ikinisubiri. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, na khanga za kutoka India zilikuwa zimejaa maduka ya Mtaa wa Uhuru. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu majora stoo. Baadaye nikawa mhasibu wa gharama, na mwishowe mhasibu mkuu, kiti nilichokalia hadi nastaafu. Katika kiti hicho nilipata ugomvi wa namna nyingi, lakini uliorudi kila mwaka ni mmoja: mteja anataka mzigo mkubwa kwa bei ya chini kuliko wanayolipa wengine. Tumpe au tumnyime?

Oda ya kwanza niliyoipigania ilitoka kwa chama cha ushirika cha mikoani. Walitaka doti 20,000 kwa mkutano wao mkuu, zenye nembo yao kwenye mji na ujumbe wao chini yake. Bei yetu ya jumla ilikuwa shilingi 5,600 kwa doti, bila VAT. Wao walitoa 4,500. Tarakimu hizi nimezilainisha zifuatike kwa urahisi, ila uwiano wake ndio ule ule.

Mkurugenzi alichukua karatasi yangu mwenyewe akanionyesha: gharama ya doti moja, shilingi 5,000. "Mama, yaani tumpe mtu khanga, na mia tano juu yake?"

"Mzee," nikamwambia, "hiyo elfu tano si kitu kimoja."

Nikaifumua mbele yake. Kitambaa 2,400. Rangi na dawa 700. Malipo ya wachapaji 300. Umeme na mafuta 400. Jumla 3,800, na hizo ndizo zinazotoka mfukoni kila doti inapochapwa. Shilingi 1,200 zilizobaki ni fungu la gharama za kudumu: pango la kiwanja, bima, walinzi, mishahara ya ofisi, mshahara wangu na wake. Kwa mwezi zilikuwa milioni 90, na zingelipwa ushirika uje usije.

Ilikuwa masika. Mitambo ilikuwa na uwezo wa doti 100,000 kwa mwezi, lakini soko lilikuwa linachukua 75,000 tu. Kwa hiyo kila doti ya ushirika ingetuachia shilingi 700, na doti 20,000 zingeleta milioni 14. Nikatoa gharama ya skrini mpya za kuchapia, maana kila rangi ina skrini yake, pamoja na nyongeza ya zamu ya usiku, ambayo sheria ya ajira ya 2004 inataka isipungue asilimia 5 ya mshahara. Hayo yalikula milioni moja na nusu. Tukabaki na milioni 12 na nusu ambazo bila oda ile tusingeziona.

Zamu ya usiku niliichagua kwa makusudi. Bili ya umeme ya kiwanda haihesabu uniti peke yake. Inahesabu pia kilele cha mwezi, yaani ule muda mitambo ilipovuta umeme mwingi kwa mpigo. Ukiwasha mashine zote mchana ili umalize haraka, kilele kinapanda, na ile 400 ya umeme haibaki 400. Mkurugenzi alitia sahihi.

Habari ikaenea kwamba mama wa uhasibu amekubali bei ya chini, na meneja mauzo akaanza kuniona mtu wake. Msimu uliofuata, hali ya soko ikiwa ile ile, aliingia ofisini kwangu anang'aa. "Shikamoo mama. Safari hii doti elfu arobaini! Bei ile ile, tarehe ya mteja haisogei." Mkurugenzi alishakubali kwa simu. Mtu wa kukataa nilibaki mimi.

Nafasi yetu ilikuwa doti 25,000. Hizo 15,000 za ziada zingechapwa tu kwa kuwanyima wateja wetu wa kila siku, na doti ya mteja wa kila siku ilituachia shilingi 1,800, si 700. Nikaandika ubaoni: oda inaleta milioni 28, tunapoteza milioni 27 za wateja wetu wa Kariakoo, tunalipa skrini na usiku milioni moja na nusu. Tungechapa mwezi mzima bila kupumua, halafu tubaki na upungufu wa nusu milioni. Na bado sijahesabu mfanyabiashara wa jumla anayekuta rafu tupu, akahamia kwa muuzaji mwingine, asirudi.

Tulimpa mteja njia mbili: achukue doti 25,000 kwa 4,500, au zote 40,000 lakini zile 15,000 zilipiwe bei ya jumla. Akachagua 25,000. Meneja mauzo alininunia wiki nzima.

Si kila oda iliamuliwa na uwezo wa mitambo. Mfanyabiashara mmoja aliomba punguzo kwa khanga za kawaida, akisema anazipeleka Lubumbashi. Nafasi ilikuwepo, na hesabu ilikubali. Mimi nilikataa. Khanga ya ushirika ina nembo. Hakuna wa kuiuza dukani ishindane na yetu. Khanga ya kawaida haina kinachoizuia kurudi Kariakoo kabla lori halijafika Tunduma, na siku wafanyabiashara wetu wakiiona kwa bei ile, sote tutaitwa kueleza. Wagombea nao, kila mwaka wa uchaguzi, walipata punguzo kwa sharti la fedha taslimu kabla ya kuchapa, kwa sababu mgombea aliyeshindwa hapokei simu.

Vijana waliokuja kunirithi walijifunza haraka kuitenga ile 1,200, wakaanza kuitenga kila mahali: oda hii, oda ile, mteja wa zamani, rafiki wa mkurugenzi. Niliwapa zoezi moja. Uza doti zote 100,000 kwa 4,500, kiwanda kijae, mashine zisilale. Utapata milioni 70 kulipia gharama za kudumu za milioni 90, yaani hasara ya milioni 20 kila mwezi, na wafanyakazi wakiwa hoi. Bei ya 4,500 ilikuwa halali kwa ushirika kwa sababu wateja wa 5,600 walikuwa wameshalipa walinzi. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi punguzo, nilitaka kijana aniandikie pembeni ya karatasi ni nani mwezi huo amelipa walinzi. Aliyeshindwa kujaza, oda yake ilirudi.