Si Kila Doa Kwenye Punje ya Hindi ni Kuvu

Ukifika msimu wa kuuza mahindi napigiwa simu za aina moja: "Bwana shamba, mahindi yangu yana madoa, nifanyeje?" Nikiuliza ni madoa gani, mmoja anasema ya zambarau, mwingine anasema mistari myekundu, wa tatu anasema kijani kama vumbi. Hayo ni mambo tofauti. Ukiyachanganya unapoteza fedha, na kwa hilo la kijani unaweza kupoteza watu wa nyumbani kwako.

Mwaka jana nilikuwa katika kijiji kimoja cha bara, wilayani Kilwa, siku ya gulio. Mama mmoja mjane alileta magunia matatu ya mahindi ya kienyeji. Mbegu ile kaipokea kwa mama yake, na punje zake nyingi ni nyeupe zenye vidoa vya zambarau, kama mtu kazinyunyizia wino. Kijana mchuuzi akafungua gunia la kwanza, akachota konzi moja, akatikisa kichwa.

"Mama yangu, haya yameingia kuvu. Nitachukua, lakini napunguza shilingi 150 kwa kila kilo."

Kijana mwingine aliyekuwa amekaa pembeni akadakia kwamba si kuvu, ni mahindi ya GMO, ndiyo maana yana rangi mbilimbili. Mama akamgeukia. "Mbegu hii kaniachia mama yangu, mwanangu, na mama yangu hakuwahi kufika hata Lindi mjini. Hayo ya kwako kayapata wapi?"

Watu wakacheka, lakini yule mama hakuwa anacheka. Shilingi 150 kwa kilo, kwa magunia matatu, ni fedha ambayo mjane anaisikia.

Nilichukua punje moja nikaikwangua kwa kisu changu cha kubebeshea mikorosho. Ganda la juu likatoka safi. Chini yake kuna utando mwembamba sana, na doa lote lilikuwa humo. Nikakwangua utando, doa likaondoka, unga wa ndani ukabaki mweupe, mgumu, bila harufu. Kuvu haikai hivyo. Kuvu hukaa juu kama vumbi la kijani au la manjano, au huingilia kwenye kitovu cha punje na kuozesha ndani. Ukiikata punje unakuta unga umebadilika rangi na umelegea.

Sasa doa la zambarau linatoka wapi? Kila mmea unabeba vinasaba, yaani maagizo ya urithi: uwe mrefu au mfupi, mweupe au mwekundu. Katika hindi vimepangwa kwenye kamba ndogo ziitwazo kromosomu, jozi 10. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kila kinasaba kina mahali pake na hapo ndipo kinapokaa. Aliyeonyesha kwamba sivyo ni mwanamke wa Kimarekani, Barbara McClintock, na kitabu chake kilikuwa gunzi la mahindi yenye madoa kama ya mama huyu. Katika miaka ya 1940, kwenye kituo cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York, alipanda mahindi msimu baada ya msimu, akayachunguza punje kwa punje, akagundua kwamba vipo vipande vya urithi vinavyohama.

Wacheza bao watanielewa haraka. Kete haibaki shimo moja; inatolewa hapa inatiwa pale. Kipande hiki cha urithi kikitua katikati ya kinasaba kinachopika rangi ya zambarau, kinasaba kile kinakwama na punje inaanza kukua nyeupe. Punje ikiwa bado inakua, kipande kinaweza kuruka tena na kuondoka. Hapo rangi inarudi, lakini kwa chembe ile moja na watoto wake tu. Hilo ndilo doa. Kikiondoka mapema, chembe inapata muda wa kuzaa watoto wengi na doa linakuwa kubwa. Kikichelewa, unapata vidoa vidogo kama vya kalamu. Mistari myekundu unayoiona kwenye ganda la baadhi ya mahindi ya kienyeji mara nyingi ni kazi ya ndugu wa kipande hichohicho.

McClintock alipowaeleza wenzake mwaka 1951, wengi hawakumwelewa, na wapo walioona anatoka nje ya njia. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Mwaka 2009 wataalamu walichapisha orodha ya urithi wote wa hindi, ikaonekana kwamba katika kila sehemu 100, karibu 85 ni vipande vya jamii hiyo. Vingi vimetulia, havitembei tena. Kwa hiyo kijana anayesema hindi lenye madoa limechezewa maabara ajue kwamba uhamaji huu ulikuwepo kabla ya maabara yoyote. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba hapa Tanzania yalifikia majaribio ya Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza yasitishwe. Hayakupata kuwa mbegu ya mkulima.

Yule mchuuzi alikwangua punje zake tatu mwenyewe, akaridhika, akapima magunia mawili kwa bei kamili. Tukafungua la tatu. Hilo lilikuwa limekaa chini, kwenye sakafu ya udongo, na pembe moja ya gunia ilikuwa na punje zilizoshikana, nyepesi, zenye vumbi la kijani na harufu ya uvundo. Nikamwambia mama kwamba hili kijana asilinunue, na yeye asilipeleke mashineni. Akauliza, "Basi nikawape kuku?" Hapana, hata kuku. Sumukuvu inaua kuku na bata, na ng'ombe akiila inapita kwenye maziwa. Sumu yenyewe ilianza kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga zilizoota kuvu. Na hapa kwetu, mwaka 2016, watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Gunia lile tulilizika. Alisimama akiangalia udongo ukirudishwa shimoni, hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia.

Mahindi yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, tia chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, weka punje, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuna na lile swali lingine: gunzi moja lenye punje nyeupe na nyingine za manjano, kila punje rangi moja kamili. Hilo si kipande kinachoruka, ni jirani. Kila punje ina baba yake. Chavua inatoka kwenye mbelewele, inabebwa na upepo, inatua kwenye unywele mmoja wa gunzi, na unywele huo ni punje moja. Jirani akipanda ya manjano, weupe wako unaingiliwa msimu huohuo. Anayetaka kutunza mbegu safi aliweke shamba lake mita 200 au zaidi kutoka la jirani, au wapishane kupanda kwa wiki nne.

Hapo tunafika kwenye malalamiko ninayoyasikia sana: "Mbegu ya duka ni feki. Mwaka wa kwanza ilizaa vizuri, nikatunza, mwaka wa pili mengine marefu, mengine mafupi, magunzi madogo." Mbegu si feki, ni chotara. Mmea unapotengeneza chavua na yai, kamba zile za urithi hulala mbilimbili, zinakatika mahali palepale na kubadilishana vipande, kama ungekata shanga nyeusi na nyeupe ukaziunga kwa kupishana. Kazi iliyoonyesha hilo kwa macho ni ya mwaka 1931, ya McClintock huyohuyo na Harriet Creighton, tena kwa mahindi. Chotara ana wazazi wawili walio mbali; watoto wake kila mmoja anapata mchanganyo wake. Ukitaka kutunza mbegu, chukua ya uchavushaji huria kama Staha au TMV-1, chagua magunzi kutoka mimea mingi katikati ya shamba, na baada ya misimu mitatu hivi nunua upya.

Mchanganyo huo si adui wakati wote. Kituo cha Amani, kule Usambara Mashariki, kuanzia miaka ya 1930 H. H. Storey na waliomfuata walichavusha muhogo kwa mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu yake, kisha wakarudisha watoto kwa muhogo tena na tena, wakitafuta ambaye amebeba kinga ya magonjwa na bado ana mzizi wa kuliwa. Mmoja wao alipewa namba 46106/27. Pingili zake zikatoka mkono kwa mkono na namba ikasahaulika. Miaka mingi baadaye vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba ule muhogo ambao wazee wetu wa kusini wanauita Namikonga, na Kenya wanauita Kaleso, ndiye yeye. Kinga yake ni dhidi ya michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoiumiza sana pwani yetu.

Pingili haichanganyi kitu. Muhogo uliotokana na pingili ni mama yuleyule, pamoja na virusi vyake kama anavyo, na hata Namikonga si kwamba hawezi kuambukizwa kabisa. Kwa hiyo kabla hujamgawia jirani, ng'oa mizizi ya shina unalotaka kukata, ipasue vipande, na ukikuta mabaka makavu ya kahawia ndani, shina hilo lichome.