Konokono Gani Aingie Katika Tangi Letu?



Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wetu, tangu tulipoweka tangi la samaki barazani pa madrasa, swali ninaloulizwa zaidi si la samaki. Samaki wenyewe ni mbuna, wale wadogo wa rangi ya bluu na njano wanaoishi kwenye mawe ukitoka Matema kwenda Lyulilo na Ikombe. Tangu miaka ya 1960 mbuna wa Ziwa Nyasa husafirishwa wakiwa hai hadi Ulaya na Marekani. Huenda mtu wa Ujerumani anawajua kuliko mtoto wa Kyela mjini, na hilo ndilo lililonifanya niwaombe wazee tuwe na tangi. Vigae vya vyungu vya Wakisi tumewapangia humo, nao wamevifanya mapango yao.

Swali ni la konokono. Karibu kila Jumamosi mtoto hunijia na kopo mkononi: "Ustadh, huyu naye tumtie?"

Ni swali zuri, maana konokono ana kazi katika tangi. Hula mabaki ya chakula, hulamba utando wa kijani kwenye kioo, na wengine hupekua mchanga usioze. Wanaofuga viumbe vya baharini nao huuliza hivyo hivyo kabla ya kuweka kiumbe: je, hatadhuru matumbawe? Kuna konokono wa bahari na viti vya pweza wanaokula matumbawe, na kuna jongoo bahari ambaye akifia ndani huweza kutoa sumu ikaua samaki wote. Sisi hatuna matumbawe. Tunaangalia kama atadhuru samaki, kama atamaliza majani, na kama atamdhuru mtoto anayeingiza mkono kuosha kioo. Kwangu hili la mwisho ndilo zito.

Nieleze kwa nini. Tulipokuwa wadogo, mdogo wangu alianza kukojoa damu. Watu wazima wawili watatu walisema ni dalili ya kukua, atapona mwenyewe. Hakupona mpaka alipopimwa mkojo na kupewa dawa. Ilikuwa kichocho, na alikuwa amekibeba kwa muda mrefu, akisinzia darasani na kuchapwa kwa uvivu.

Kichocho cha mkojo hakipiti kwa mtu kwenda kwa mtu. Mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa, yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake lazima vimpate konokono wa aina maalumu. Ndani ya konokono huyo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu, hasa mchana wa jua kali, na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuka mfereji. Wanafunzi wa somo la twahara mmeshasoma kwamba tumekatazwa kukojoa katika maji yaliyotuama. Basi hapo mnaona mnyororo huo unakatwa mwanzoni kabisa, kabla hata ya konokono kuhusika.

Sasa mtoto anayenijia na kopo kutoka kwenye mfereji wa majaruba huenda amembeba konokono huyo huyo. Wataalamu humwita Bulinus. Ni mdogo, wengi wao hawazidi ukubwa wa gololi. Mshike kwa kijiko, ncha ya gamba ikitazama juu na mdomo ukikutazama wewe. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, shuku. Kisha tazama kama ana kifuniko, kile kigamba kigumu anachofungia mlango akijivuta ndani. Hana? Huyo haingii. Yupo na mwingine aliyejiviringa bapa kama kata ya kubebea ndoo, naye hana kifuniko. Huyo hubeba kichocho cha tumbo. Haingii vilevile.

Msiseme basi ziwa lenyewe ni salama kwa kuwa maji yake yana mawimbi. Zamani wengi waliamini hivyo. Baadaye ilithibitika upande wa Malawi kwamba kuna Bulinus wa ziwani anayeishi kwenye mchanga wa ufukwe ulio wazi, naye hubeba kichocho. Huko huko, eneo la Cape Maclear, watafiti waliona kwamba samaki wenye meno ya kooni ya kuvunjia magamba walipopungua kwa kuvuliwa kupita kiasi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, konokono waliongezeka na wagonjwa pia. Mvuvi anayetumia nyavu za macho madogo hudhani anapunguza samaki tu.

Niliowaruhusu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule mrefu, mwembamba, mwenye ncha kama parafujo, Melanoides. Ana kifuniko, mdomo wake uko kulia, na mchana hujifukia mchangani. Huyu ndiye fundi wetu wa mchanga. Ila anazaa mno, tena jike huzaa bila dume, kwa hiyo msiwalishe samaki kupita kiasi. Chakula kikibaki, konokono huongezeka. Wa pili ni Lanistes, mkubwa wa mviringo. Mdomo wake nao huonekana kushoto, na hapo ndipo watoto huchanganyikiwa, lakini ana kifuniko. Hula majani, kwa hiyo tumemweka katika tangi dogo lisilo na mimea. Nimewawekea maganda ya mayai yaliyosagwa, maana gamba huhitaji chokaa.

Kaa wa ziwani tumemkataa. Usiku hukamata samaki waliolala, na tangi lisipofunikwa vizuri utamkuta asubuhi kwenye mikeka. Kamba wadogo nao kwa mbuna ni chakula tu.

Maji ya ziwa nayaacha siku mbili katika pipa safi lenye kifuniko, bila konokono ndani, ndipo mtoto ayaguse. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu katika muda huo hufa. Majani nayo nayakagua, kwani mayai ya Bulinus hunata humo kama ute. Kwa haki, anayezaliwa tangini hazaliwi na kichocho, hukipata kwenye maji yenye mkojo wa mgonjwa. Hata hivyo namtoa.

Wala asiwepo wa kumwaga konokono wa tangi ziwani au mtoni Mbaka au Kiwira. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba Melanoides wa asili ya Asia ameshajipenyeza Ziwa Nyasa, akifanana na wa kwetu kiasi kwamba hakuna aliyemtambua mapema. Wakizidi, nileteeni mimi.

Wazazi, mtoto akilalamika maumivu wakati wa kukojoa, au mkijua mkojo una damu, mpelekeni akapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na hutolewa pia shuleni. Nanyi watoto, kopo lolote liwekeni chini penye kivuli mlangoni, msiguse kilichomo, mniite. Mimi nitakuja na kijiko.