Mkono Wako Uko Sawa, Angalia Mishale

Msee akikosa shabaha, kwanza analaumu upinde. Eti umepinda vibaya, eti kamba imelegea. Upinde ukimshinda anajigeukia mwenyewe: "Mimi sina jicho la kulenga." Huku Chepseon nimeona vijana wakiacha zoezi la mishale kabisa kwa sababu ya hiyo sentensi moja. Maoni yangu ni haya: kama mishale umeichonga kwa mkono, anza kutafuta shida kwa mishale.

Fikiria tu. Upinde ni mmoja, mishale ni kumi, na hakuna miwili inayofanana. Halafu mshale hautoki ukiwa umenyooka vile unadhani. Ukiachilia kamba, unasukumwa kutoka nyuma, unajikunja, unapita kando ya upinde, ndio unajinyoosha hewani. Ugumu wa ufito ndio unaamua utaelekea wapi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, ufito mgumu kupita kiasi huvuta kushoto, na ule laini sana huenda kulia. Sasa umechanganya yote kwenye mfuko mmoja, alafu unashangaa mbona inatawanyika!

Fanya hivi. Andika namba kwenye kila mshale, 1 hadi 10. Simama hatua ishirini kutoka kwa gunia lililojaa nyasi kavu, na nyuma ya gunia kuwe na ukingo wa udongo, si njia ya watu. Piga yote kumi, chukua picha na simu, rudia mara tano. Kama yote inaangukia upande mmoja, ikiwa pamoja, hiyo ni shida ya upinde ama ya vile unavyovuta. Lakini kama namba 4 na 7 ndizo hupotea kila mara na zingine ziko pamoja, manze, mkono wako uko sawa. Shida ni 4 na 7.

Zilinganishe na zile nzuri. Pima uzito kwa mizani ndogo ya jikoni, ile ya gramu. Laza mshale juu ya matofali mawili, uning'inize kitu kilekile katikati ya kila mmoja, uone upi unabonyea zaidi. Uviringishe mezani, ukirukaruka, umepinda, upashe moto kidogo juu ya makaa na uunyooshe polepole. Angalia manyoya ya nyuma: yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hujipinda tofauti. Ukiona ufa, vunja utupe, maana unaweza kukupasukia mkononi. Na urekebishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutawahi kujua ni kipi kilisaidia.

Watu wa chai wanaelewa hii. Karani wa kituo cha kununulia majani hakatai shamba lako lote. Anatoa yale magumu, yale mabaya, mengine yanaenda kwa mizani.

Mbona naandika haya yote juu ya mishale? Kwa sababu ukitembea na upinde huku, watu wazima wanakuangalia mara mbili, na si bure. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mishale ilirushiwa majirani katika Bonde la Ufa, na Kericho haikupona. Uwindaji nao ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Kwa hivyo kazi safi iliyobaki ya upinde ni shabaha. Na si kazi ndogo: Shehzana Anwar, mpiga mishale, ndiye alibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016. Pale wanasimama mita 70, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Kijana anayejua kwa nini namba 7 inakosa atarudi kesho kujaribu tena. Yule aliyeamini hana jicho ataweka upinde nyuma ya mlango, na utakaa hapo ukingoja mtu mwingine aje na matumizi mengine. Hiyo ndiyo naogopa.

Kwa hivyo wasee, wekeni namba.